Hospitalini Kuna Dawa

Siku binti alipoumwa, baba yake alikuwa mezani akihangaika na sentensi. Alikuwa akiandika juu ya viwavi, kitabu chake cha sita, na aya ya kwanza ilikuwa imemgomea tangu asubuhi. Mke wake alikuwa barazani kwenye cherehani, akimalizia sare za shule. Binti alikuwa nyuma ya nyumba akihamisha mabati chakavu yaliyokuwa yameegemezwa ukutani miaka nenda rudi, kwa sababu mama yake alitaka kupanda mboga pale kabla ya mvua. Ikasikika sauti moja fupi, kama ya mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa. Kisha binti akaita, "Mama."

Mama alifika kwanza. Alimkuta mwanawe amechuchumaa, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani, damu kidogo ikitoka kati ya kidole gumba na cha shahada. Alikuwa bado na kipande cha kitambaa cha sare begani, akakipasua kwa meno na kuanza kuufunga mkono juu ya kiwiko, akikaza kwa nguvu zake zote.

Hapo ndipo baba alipotokea kwenye kona ya nyumba, miwani mkononi. Aliwaona wote wawili. Aliona na bati lililoinuliwa nusu. Akapita pembeni yao, akainama, akachungulia chini ya bati.

Alikaa pale akiangalia kwa muda ambao mke wake hakuja kuusahau. Chini ya bati alilala kifutu, mnene, mfupi, rangi ya majani makavu, amejikunja huku akivuta pumzi kwa kishindo. Alikuwa mkubwa, pengine mkubwa kuliko wote aliowahi kuwaona nje ya chupa za maabara. Alipomtambua bila shaka yoyote, ndipo alipogeuka na kupiga magoti mbele ya binti yake.

"Ni kifutu," alisema. "Fungua hicho kitambaa."

Mama alikataa. Ikabidi baba abandue vidole vyake kimoja kimoja, akieleza kwa sauti ya darasani kwamba sumu ya huyu inaozesha nyama, na kuifungia mahali pamoja ni kuuozesha mkono wote. Jirani yao, fundi mwashi, alikuwa amesharuka ua na jembe lake. Baba, ambaye mtaa mzima ulimwita Daktari, alimwambia amwache nyoka. Fundi alimtazama kama mtu aliyetukanwa, akampiga nyoka hadi jembe likaanza kuchota udongo mtupu.

*

Hakuwa daktari wa watu. Alikuwa na shahada ya udaktari wa baiolojia na alifundisha chuo kikuu hadi alipostaafu, lakini mtaa ulishika neno moja tu katika hayo yote. Walipohamia pale, akina mama walikuwa wakimletea watoto wanaokohoa, naye akiwarudisha mlangoni kwa aibu. Baadaye vitabu vyake vilipoingia shuleni, wakamwongezea jina, akawa Daktari wa Nyoka, na hapo kila mtu akaelewa kwamba hatibu.

Vitabu vyake vilikuwa vidogo, vyenye jalada laini, vya bei ambayo shule ingeweza kumudu. Kimoja kilihusu ndege wanaoishi jalalani. Kimoja kilihusu mchwa. Kimoja kilieleza maisha ya bwawa la maji machafu nyuma ya kiwanda, na kile mwenye kiwanda hakukipenda hata kidogo. Lakini kitabu kilichomjulisha kwa watu kilikuwa Jirani Asiye na Miguu, kitabu cha nyoka. Ndani yake aliwaeleza watoto kwamba nyoka wengi hawana sumu, kwamba wanakula panya wanaokula nafaka, kwamba nyoka hamfuati mtu bali mtu ndiye anayemkanyaga. Aliandika kwa lugha nyepesi, yenye mzaha, kama mjomba anayesimulia habari za mjomba mwingine. Binti yake alichora picha zote tangu akiwa shule ya sekondari, naye hakuacha tena. Alikuwa sasa mwanamke mzima, aliyeolewa akarudi, na kazi ya mikono yake ndiyo iliyomweka mjini. Alichora mabango ya maduka, vitabu vya wengine, na vya baba yake bila malipo.

Ukurasa wa mwisho wa kitabu cha nyoka uliitwa Ukiumwa. Usifunge, usichanje, usinyonye, usiende kwa mganga. Tulia, usiutikise mkono, wahi hospitali. Hospitalini kuna dawa. Pembeni palikuwa na picha ya muuguzi anayetabasamu, ameshika kichupa.

*

Waliwahi hospitali. Fundi mwashi aliomba gari kwa tajiri wake, lile la kubebea mchanga, na mama akakaa mbele amempakata mwanawe kama mtoto mchanga. Njiani walipita mtaa wa mganga mmoja ambaye watu walisema ana jiwe jeusi linalofyonza sumu. Mama aliomba wasimame. Hakuomba kwa kelele. Alisema tu kwamba jiwe halitamdhuru, na hospitali haitahama. Baba, aliyekuwa amesimama nyuma kwenye mchanga, aligonga paa la gari na kumwambia dereva aendelee.

Mkono ulikuwa umevimba hadi kiwikoni walipofika. Mapokezi waliwataka waandikishe kwanza, na benchi lilikuwa limejaa. Daktari, ambaye maishani hakuwahi kumpita mtu kwenye foleni, alikwenda moja kwa moja dirishani akasema ni kuumwa na nyoka, ni kifutu, na kwamba anahitaji dawa ya nyoka sasa hivi. Alisema pia yeye ni nani. Mhudumu alimwambia wote pale ni watu.

Aliyewapokea chumbani alikuwa daktari kijana, mwembamba, mwenye macho ya kukosa usingizi. Alipolisikia jina alisimama wima na uso wake ukachangamka ghafla. Alisema alimsoma darasa la sita. Alisema kitabu kile ndicho kilichomfanya apende sayansi, na kwamba hadi leo hajaua nyoka. Binti alikuwa kitandani akiuma ncha ya mtandio, na mwanamume yule alikuwa akitabasamu. Kisha akajigundua, tabasamu likamtoka.

"Dawa hatuna, mzee," alisema. "Hatujaletewa muda mrefu. Zile za mwisho ziliharibikia kwenye friji, umeme ulikatika."

Baba alisema haiwezekani. Alitaka kuona friji. Kijana, kwa heshima au kwa kuchoka, alimpeleka akaliona, na ndani mlikuwa na chanjo za watoto na chupa ya maji ya kunywa ya mtu. Waliporudi, kijana aliufunga mlango, akashusha sauti ili mgonjwa asisikie, ingawa alisikia.

"Mzee, wewe ndiye unawajua hawa. Tufanyeje?"

Hakuna swali katika maisha yake lililomdhalilisha kama hilo. Aliweza kueleza jinsi sumu ile inavyovunja kuta za mishipa. Aliweza kueleza meno yanavyokunjuka, kwa nini nyoka yule hakimbii, huzaa watoto wangapi kwa mpigo. Alisimama mbele ya kijana aliyekulia kwenye vitabu vyake, akasema hajui.

Walimpa dawa ya maumivu na maji ya mshipani. Waliandika barua ya kumhamishia hospitali kubwa. Gari la wagonjwa lilikuwa gereji, wakasubiri lipatikane jingine, na wakati wa kusubiri mama alikaa sakafuni ameushika mguu wa kitanda. Ngozi ya binti ilianza kuota malengelenge ya maji meusi. Baba aliposogea amfute jasho, mke wake alimnyang'anya kitambaa.

"Ulimwangalia nyoka kwanza," alisema.

"Ilikuwa lazima nimjue. Dawa hutolewa kwa kumjua."

"Haya, ulimjua."



*

Katika hospitali kubwa dawa ilipatikana, ila ilifika siku ya tatu kwa basi, kutoka mji mwingine, ndani ya boksi la barafu iliyokuwa imeshayeyuka. Iliokoa maisha. Kiganja hakikuokolewa. Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke wa makamo asiyezunguka. Aliwaambia nyama imekufa na kusubiri zaidi ni kupoteza mkono hadi begani. Binti mwenyewe ndiye aliyekubali. Aliomba kwanza aachwe peke yake na mkono wake kidogo. Walipotoka nje mama alilia kwa mara ya kwanza, uso ameuelekeza ukutani, na mume wake alisimama nyuma yake bila kujua aweke wapi mikono yake miwili mizima.

Waliporudi nyumbani, watu walikuja kutoa pole. Walikaa barazani wakazungumza kwa sauti ya chini, na wakati mwingine si ya chini sana. Mtaa ulikuwa umeshahukumu. Mama alifunga mkono vizuri kabisa, Daktari akafungua. Mama alitaka jiwe, Daktari akakataa. Alimtoa mtoto wake kafara kwa ajili ya kitabu. Fundi mwashi alimtetea mara moja, akisema mzee alikimbia kama wengine, lakini hata yeye aliposimulia alifika mahali pa bati lililoinuliwa na baba aliyeinama kuchungulia, na hapo watu walitikisa vichwa.

Daktari alijua kwamba kitambaa kingezidisha madhara. Alijua jiwe ni jiwe. Alijaribu kumweleza mke wake jioni moja, akianza mbali, na mke wake akashona pindo lote la sketi bila kuinua kichwa. Tangu hospitali alikuwa akimwambia ya lazima tu: chakula kiko tayari, mlango una mtu. Alipika, alifua, alimwosha binti nywele, na mume wake alipokuwa nyumbani alipita pembeni yake kama anavyopita pembeni ya kabati.

Binti ndiye aliyechoka kwanza.

"Ulifunga, na hata asingefungua, ningekuwa hivihivi," aliwaambia siku moja wakiwa mezani, huku akijilisha kwa mkono wa kushoto na kumwaga. "Mimi ndiye niliyeumwa. Mnanigombania kama shamba."

Mama aliondoka mezani. Baba alibaki, akataka kumsaidia kijiko, naye akakivuta kijiko upande wake.

*

Habari ilikuwa imetoka gazetini, na picha ya Daktari ya zamani, akiwa na nyoka shingoni. Mhariri aliyechapa vitabu vyake alimwita ofisini. Palikuwa ghorofani, chumba kilichojaa marobota ya karatasi hadi dirishani, na mhariri, mtu mnene mwenye huruma ya kweli, alimshika mkono muda mrefu. Alitoa pole. Kisha akasema kwamba, kwa bahati hii mbaya, maduka yanaulizia kitabu cha nyoka kuliko wakati wowote, na shule zimeomba kichapwe tena.

Daktari alisema kichapwe, ila ukurasa wa mwisho ubadilishwe. Alitoa karatasi aliyokuwa ameiandika na kuifuta mara nyingi. Mhariri aliisoma. Ilisema kwamba hospitali nyingi hazina dawa ya nyoka, kwamba mtu aulize mapema ni hospitali gani inayo, na kwamba kuwahi peke yake hakutoshi.

Mhariri alivua miwani. Alieleza, kwa upole wa mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba hiki ni kitabu cha shule, lazima kipite kwa wakubwa, na wakubwa hawatapitisha kitabu kinachowaambia watoto hospitali za nchi yao hazina dawa. Alipendekeza njia ya katikati: sentensi ya Hospitalini kuna dawa iondolewe kimyakimya, ibaki wahi hospitali. Hiyo si uongo, alisema, kweli mtu awahi. Na picha ya muuguzi ibaki, maana ni nzuri na watoto wanaipenda.

Alirudi nyumbani na jambo hilo. Binti alikuwa chumbani, amekaa mbele ya meza yake ya kuchorea ambayo sasa ilikuwa imejaa nguo zilizokunjwa. Baba alisimama mlangoni akaeleza yote, mpaka la picha. Binti alisikiliza bila kugeuka.

"Yule nesi nilimtoa kichwani," alisema. "Sikuwahi kumwona nesi na kichupa. Ulisema mchore anatabasamu, nikamchora anatabasamu. Wala sikuuliza kama wanazo."

"Hata mimi sikuuliza," baba alisema.

Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa amehesabu mayai ya ndege jalalani, alikuwa amelala tumboni kwenye tope kuwatazama vyura, hakuandika jambo la mnyama yeyote bila kulihakiki. Lile la hospitali aliliandika mezani.

"Mtoe," binti alisema. "Kama hawataki kumtoa, jina langu litoke."

Mhariri hakumtoa. Daktari akakataa, na kitabu hakikuchapwa. Nyumbani hilo lilikuwa na maana yake, kwa kuwa ndicho kitabu pekee kilichokuwa kikileta chochote, na mama aliposikia aliacha kushona. Alivuta rundo la sare za shule nyingine alizokuwa amekataa kuzishona wiki ile, akatia uzi kwenye sindano. Safari hii chai alimletea mume wake mwenyewe, badala ya kuiacha jikoni aifuate, akaiweka juu ya karatasi zake za viwavi na kuondoka.

*

Vitabu vya zamani vilibaki madarasani. Kila shule ilikuwa navyo, vimechanika, vimefungwa kwa gundi, na ukurasa wa mwisho ukiwa bado ndani. Daktari alikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani kuomba azungumze na wanafunzi. Mwalimu mkuu, ambaye zamani alimwalika kila mwaka na kumkalisha kiti cha mbele, alisema sasa itahitajika barua kutoka ofisi ya elimu, mambo yamebadilika, wazazi wana maneno. Hakumkaribisha kukaa.

Aliyepata ruhusa alikuwa mama. Alipeleka sare pale shuleni, akamwambia mwalimu mkuu kwamba binti yake atakuja kuongea na watoto, na kama haiwezekani basi sare zilizobaki watazishona wao wenyewe. Nyumbani alimwambia binti siku na saa. Mumewe alipouliza kama naye aende, alifikiri.

"Ukikaa nyuma," alisema.

Alikaa nyuma, kwenye dawati dogo, magoti yakigusa ubao. Binti alisimama mbele na mkono wa blauzi uliokunjwa na kubanwa kwa pini. Alikuwa hajawahi kufundisha. Alianza vibaya, akijikwaa, kisha akaifungua ile pini akauonyesha mkono ulipoishia, na hata watoto wa dirishani wakaacha kuchungulia nje. Akawasimulia: bati, kuumwa, gari la mchanga, friji, basi. Hakuongeza chumvi na hakumlaumu mtu.

Mtoto mmoja aliinua kidole akauliza kama nyoka aliuawa.

"Aliuawa," binti alisema. "Kwa jembe."

Watoto wakapiga makofi. Ilianza kwa mmoja, ikaenea, ikawa darasa zima, makofi ya kweli, ya furaha, kama waliyokuwa wakimpigia Daktari mwenyewe zamani alipomaliza kusoma. Binti alitazama nyuma. Alijua baba yake hajawahi kulivumilia hilo popote. Aliwahi kusimamisha msiba wa mtu akimtetea nyoka. Mwalimu wa darasa naye aligeuka. Mzee alikuwa ameinua mkono nusu, kama mwanafunzi.

"Daktari ana neno?" mwalimu aliuliza.

Aliushusha mkono akauweka juu ya dawati.

"Hapana," alisema. "Mwache aendelee."

Binti akaendelea. Aliwaambia watoto kwamba jioni hiyo kila mmoja amwombe mzazi wake aende zahanati kuuliza swali moja tu: dawa ya nyoka ipo? Akawataka walitamke pamoja, mara kadhaa, mpaka likakaa.

Watoto walifanya walivyoambiwa, na wazazi, wengine kwa hasira, wengine kwa udadisi, wakaenda. Walikwenda wakiwa na vikapu vya sokoni, wakaenda wakiwa na watoto migongoni, wakasimama kwenye foleni ya wagonjwa ili waulize na kuondoka. Muuguzi wa zahanati alijibu siku mbili za kwanza. Siku iliyofuata aliwafokea. Kabla wiki haijaisha, karatasi ilibandikwa mlangoni, imeandikwa kwa kalamu nene: DAWA YA NYOKA HAKUNA. MSIULIZE.

Mama aliiona akitoka sokoni. Aliisoma akiwa amesimama juani, mzigo kichwani, kisha akaenda nyumbani moja kwa moja mpaka mezani kwa mume wake. Akavuta kiti akakaa, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu mabati yale.

"Wamebandika mlangoni kwamba hawana," alimwambia. "Angalau hao wameandika."

Mume wake akavua miwani. Nje binti alikuwa akiita apelekewe maji, na wote wawili wakainuka.